MUHALLIL: NENO LA MBIO ZA FARASI NA MATUMIZI YAKE

Mlango wa musabaqa katika vitabu vya fiqhi, yaani mashindano ya mbio na kulenga shabaha, aghalabu husomeshwa kwa haraka, na pengine hurukwa, kwa kuwa wengi wetu hatuna farasi wa mbio. Natija yake ni kuwa neno moja la mlango huo, muhallil, limebaki midomoni bila ya maana yake. Wapo wanaolifasiri "mhalalishaji" wakaishia hapo. Kutokana na tafsiri hiyo pungufu huzuka hoja kwamba watu wakiwekeana dau kisha akaingia wa tatu, dau linakuwa halali. Na kwamba kampuni inayochezesha kamari ndiyo huyo wa tatu. Hoja hii inastahiki kujibiwa, maana inamhusu kijana anayebeti kwa simu usiku na kusali Alfajiri nyuma ya imamu wake.

Kwanza, asichanganywe na muhallil wa ndoa, yule anayemuoa mwanamke aliyeachwa talaka tatu ili amrejeshe kwa mume wa kwanza, ambaye amelaaniwa katika Hadithi. Neno ni moja, milango ni miwili.

Pili, asili ya mlango huu ni Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, inayofunga sabaq katika vitu vitatu: ngamia, farasi na mshale. Sabaq, kwa fat-ha juu ya herufi ba, ni mali inayoshindaniwa. Sabq, kwa sukuni, ni kule kushindana kwenyewe. Al-Khattabi ameitia nguvu riwaya ya fat-ha, na maana inamuunga mkono, kwani Mtume (S.A.W.) alishindana mbio za miguu na Bibi Aisha (R.A.), na miguu haimo katika vile vitatu. Basi mwenye kutafsiri "hakuna mashindano ila..." amekosea. Kilichozuiliwa ni mali, si mbio.

Sasa tuje kwa muhallil mwenyewe. Watu wawili wenye farasi kila mmoja ametoa dau, na mshindi achukue yote. Kila mmoja yuko baina ya kupata na kupoteza, na hiyo ndiyo kamari. Jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi, Mahanafi na Mahanbali, wakasema aingie wa tatu kwa sharti mbili: asitoe kitu, na farasi wake awe sawa na wao, anayeweza kushinda na kushindwa. Akiwatangulia wote wawili huchukua madau yote. Wakimtangulia wao kwa pamoja, kila mmoja hurudi na mali yake. Akitangulia mmoja wao peke yake, huchukua la kwake na la mwenziwe, na muhallil halipi chochote. Farasi wake akiwa ni wa kushinda kwa yakini, Hadithi wanayoitegemea inasema hiyo ni kamari.

Hata hivyo, Hadithi hiyo ina maneno. Imekuja kwa njia ya Sufyan bin Husayn kutoka kwa Zuhri, naye ni dhaifu anapopokea kwa Zuhri. Abu Daud mwenyewe ameashiria kuwa iliyo sahihi zaidi ni kauli ya wanavyuoni, na katika Muwatta inatajwa kuwa ni kauli ya Said bin al-Musayyab. Imamu Malik hakuifuata. Kwake madau ya pande mbili hayafai hata akiwepo muhallil. Ibn Taymiyyah na mwanafunzi wake Ibnul-Qayyim walikwenda upande wa pili, wakasema muhallil hahitajiki. Hoja yao, nasi tunaiona ina uzito, ni kuwa huyu wa tatu haondoi hatari kwa wale wawili, bali anawaongezea mtu anayepata bila ya kupoteza. Kwa fatwa hiyo Ibnul-Qayyim aliingia katika mzozo na Kadhi Taqiyyuddin as-Subki mjini Damascus mwaka 746 Hijria.

Msomaji atazame khitilafu yote hii imezunguka wapi: kwa wenye kukimbiza farasi wao wenyewe, katika vitu vya maandalizi ya jihadi. Hakuna aliyemzungumzia mtazamaji jukwaani.

Tuipime basi ile kampuni. Katika mfumo wa pari mutueli, uliobuniwa Paris na Joseph Oller mwaka 1867, fedha zote za wachezaji hukusanywa fungu moja, mchezeshaji hukata sehemu yake kwanza, kisha kinachobaki hugawiwa waliobashiri sawa. Mchezeshaji hana farasi. Hashindani. Fungu lake limo mkononi kabla ya mshindi kujulikana. Huyu hafanani na muhallil wa Mashafi. Aliye karibu naye ni yule wa farasi asiyeshindwa, aliyetajwa kuwa ni kamari ndani ya Hadithi ileile inayotolewa ushahidi. Na aliyenunua tiketi naye si katika wale wawili, wala si wa tatu wao.

Ama anayetaka kweli kuandaa mbio za ngamia au farasi, zawadi na itolewe na kiongozi, au na mtu asiyeshindana, au kwa kauli ya wengi na mmoja wa washindani peke yake. Hapo muhallil hana kazi.