Mama Achezaye: Uchungu na Dansi katika Filamu ya Bong Joon-ho

Waswahili husema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nao husema hivyo kwa kumsifu mama. Filamu ya Korea Kusini iitwayo Mother, iliyoongozwa na Bong Joon-ho na kutolewa mwaka 2009, yauliza swali lililojificha nyuma ya sifa hiyo: je, mzazi huyo aujua pia uchungu wa mwana asiye wake?

Mama wa hadithi hii hatajwi jina. Huuza mitishamba na kutibu watu kwa kuwadunga sindano, pasipo kibali. Mwanawe Do-joon, kijana mzito wa akili, ashtakiwa kwa kumwua msichana wa shule. Mama amtafuta mwuaji yeye mwenyewe, hata ampata mzee mwokota taka aliyeshuhudia tendo lile. Na mzee asema kwamba mwuaji ni Do-joon. Hapo mama amwua mzee huyo na kuichoma moto nyumba yake.

Filamu imeanza kwa mama kucheza dansi peke yake katika uwanda wa nyasi. Mtazamaji hajui sababu, na huenda akacheka, ingawa uso wa mama haufuati wepesi wa mikono yake. Baadaye sana ndipo atambuapo kwamba uwanda ule ndio aupitao mama baada ya kuua. Dansi, basi, si pambo. Ni usemi wa mtu ambaye hawezi kumwambia yeyote alilotenda.

Kisha polisi wamkamata kijana mwingine asiye na hatia. Mama amwendea gerezani, amwuliza kama ana mama. Na asikiapo kwamba hana, alia. Machozi hayo ndiyo kiini cha filamu. Uchungu wa mwana wa mwingine aujua barabara, wala hasemi neno la kumwokoa.

Mwishoni yumo ndani ya basi pamoja na akina mama wengine waliokwenda matembezi. Ajidunga sindano pajani, mahali asemapo kwamba huondoa kumbukumbu mbaya, kisha ainuka na kucheza nao. Jua la jioni lawageuza wote kuwa vivuli, na ni vigumu kumtambua yeye. Kim Hye-ja, ambaye Wakorea walimzoea kwa miaka mingi katika televisheni kama mama mwema, afaa mno hapa: mkosaji ana sura ya mama wa kila mtu.

Ila moja yapasa kutajwa. Msichana aliyeuawa, aliyekuwa akiishi na bibi yake, apewa nafasi ndogo ya kuombolezwa. Filamu yenyewe yakaribia kumsahau kama mama atakavyo kusahau. Hata hivyo, yabaki kuwa kazi adimu, kwa kuwa imekataa kuifanya dansi iwe faraja. Mama acheza, na kijana asiye na mama yungali kifungoni.