Mashimo ya Yacouba Sawadogo

Mkulima wa kwetu akiona mchwa shambani hutafuta dawa. Yacouba Sawadogo, mkulima wa kijiji cha Gourga huko Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso, aliwaandalia chakula.

Eneo lake lilipigwa na ukame mkali miaka ya 1970 na 1980. Mazao yalikauka, familia nyingi zikahama. Waliobaki waliona jambo ambalo kipimo cha mvua hakilionyeshi: hata siku mvua iliponyesha, maji hayakuzama. Uso wa ardhi ulikuwa umeshika gamba gumu, na maji yaliteleza juu yake yakaondoka na rutuba.

Mashimo yaitwayo zai yalikuwepo tangu zamani. Yacouba aliyapanua, akayaongezea kina, akayatia samadi, na akaanza kuchimba katikati ya kiangazi, wakati wengine wanasubiri mawingu. Majirani walisema ana wazimu.

Tazama shimo moja. Upana wake ni kama sentimita 30, kina chake shubiri moja au pungufu. Udongo unaotoka hautupwi ovyo; huwekwa upande wa chini wa mteremko, uwe kingo ya kuzuia maji. Ndani huingia samadi na majani makavu, kisha shimo huachwa. Mchwa hufuata chakula hicho, na katika kula kwao hutoboa vijia vinavyoshuka chini ya gamba, mahali ambapo jembe halifiki. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji hujaa shimoni, hushika vijia vile na kuzama. Mtama au uwele hupandwa humo humo, na mvua ikikata kwa siku kadhaa, mizizi bado ina unyevu wa kunywa. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe: kujua kazi ya mkono inakoma wapi, na kumwachia mdudu sehemu yake.

Samadi ilikuja na mbegu za miti. Miche ikachomoza kati ya mtama, naye hakuing'oa. Ikawa msitu wa zaidi ya hekta 20. Watu waliwahi kuuchoma moto, akaanza tena. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na akafariki Desemba 2023.

Kuna wanaoiita zai mbinu rahisi. Sikubaliani nao. Hekta moja hubeba maelfu ya mashimo, na yote huchimbwa juani, kwenye ardhi iliyokauka. Nyumba yenye mikono michache ianze na kipande kidogo.

Hapa Tanzania, kijiji cha Chololo, Dodoma, kina mashimo ya namna hiyo yanayojulikana kwa jina lake. Ewe mkulima wa Dodoma au Singida, mvua zako huanza karibu na Desemba. Chimba Septemba na Oktoba, na samadi iwe shimoni kabla ya tone la kwanza.