Bagika na Bagalu: ushindani usio na refa

Uwanja ni mmoja, ngoma mbili, na zote zinapigwa kwa wakati mmoja. Hakuna refa wala jedwali la pointi. Kundi litakalozungukwa na watu wengi zaidi ndilo limeshinda. Kwa kanuni hiyo, Bagika na Bagalu wa Usukumani wamechuana tangu katikati ya karne ya 19, na mpaka leo hakuna aliyemmaliza mwenzake.

Kwa msomaji wa Singida hii si habari ya mbali. Ukivuka mto Sibiti kutoka Mkalama umeingia Meatu. Ukiteremka Sekenke na kuipita Shelui, Igunga haiko mbali. Wasukuma na mifugo yao wako pande zote mbili za mipaka hiyo.

Masimulizi yanawataja Ngika na Gumha, waganga wawili waliokuwa pia mafundi wa ngoma. Kila mmoja alijinadi kwamba dawa yake ndiyo kali. Badala ya kushikiana silaha, wakapimana kwenye mbina, ngoma ya mashindano: dawa ya nani itavuta watu? Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Pande hizo zikaenea Usukuma nzima, hata kundi likienda ugenini lilijua mapema litawakuta ndugu zake huko, na mahasimu wake pia.

Ufundi wenyewe uko kwenye miguu ya watazamaji. Mtu akifika uwanjani hafungwi na kiti wala tiketi. Anasimama anapopenda, na akichoshwa anahama. Sasa kundi moja linatoa kitu kipya: mchezaji anaibuka na chatu shingoni, au sanamu ya mti inaanza kucheza kama ina uhai. Vigelegele vinapigwa. Walio nyuma, upande wa pili, wanageuza shingo. Wachache wanakimbia kwenda kuona, wengine wanawafuata kwa kuhofia kupitwa, na ndani ya dakika chache mduara uliokuwa umejaa unabaki na ndugu wa wachezaji. Kundi lililokimbiwa linaona kipigo chake kwa macho, nalo linalazimika kujibu papo hapo. Ndiyo maana vikundi vilificha vituko vyao: anayemaliza akiba yake asubuhi atakauka jioni, watu wakiwa wengi na matokeo yakikaribia.

Nyuma ya vituko yuko manju. Huyu ndiye mtunzi, mwimbaji kiongozi na mpanga mashambulizi. Nyimbo hutungwa upya kwa ajili ya msimu, zikafanyiwa mazoezi mbali na masikio ya wapinzani, na nyingi humlenga manju wa upande wa pili: sauti yake, umaskini wake, dawa yake iliyochacha. Matusi yanayoimbika vizuri yana faida mbili. Yanamchoma anayetukanwa, na yanamfanya mtazamaji arudi mwakani kusikia jibu. Dawa nazo hazikuachwa nyumbani. Ile ya kuvuta watu huitwa samba. Asiyeamini dawa bado atakubali kwamba mchezaji anayeamini kuwa amekingwa hucheza bila woga.

Kalenda ilisaidia. Mbina ni za kiangazi, kuanzia Juni, mavuno yakiwa ghalani na pamba ikielekea sokoni. Vijana wana nafasi, na kuna cha kuwapikia wageni.

Ukitaka kuona jinsi mfumo huu ulivyo wa kipekee, uweke kando ya mieleka ya kulipwa ya Marekani enzi za mapromota wa maeneo, kabla Vince McMahon hajaanza kuwameza miaka ya 1980. Memphis, kwa mfano, walionyesha ugomvi kwenye televisheni Jumamosi asubuhi, kisha wakauza tiketi za pambano la Jumatatu usiku katika ukumbi wa Mid-South Coliseum. Mwaka 1982 mchekeshaji Andy Kaufman aliwachokoza wakazi wa mji huo kwa video akiwafundisha namna ya kutumia sabuni. Tarehe 5 Aprili akapanda ulingoni na kipenzi chao, Jerry Lawler, ambaye alimkita kichwa chini kwa pigo lililokatazwa. Kaufman akapewa ushindi kwa sababu ya kosa hilo, na baadaye akaonekana amevaa kola ya shingo. Miaka mingi baadaye ndipo ilipojulikana kwamba wawili hao walikuwa wamepanga yote.

Memphis, basi, hasira ya watazamaji ilikuwa ya kweli na matokeo yalikuwa ya kupangwa. Kwenye mbina promota hana la kupanga, kwa sababu umati wenyewe ndio hesabu. Hata ngoma za beni za pwani, Marini na Arinoti, zilizochuana kwa sare na matarumbeta, ziliwaelemea wenyewe kwa gharama za kujionyesha. Bagika na Bagalu walihitaji uwanja, ngoma na akili ya manju.

Ushindi wa namna hii una udhaifu mmoja: haudumu. Umati uliohamia kwako leo utahama kesho. Na huo ndio uliouweka ushindani hai, maana aliyeshindwa hakushushwa daraja. Alirudi nyumbani kutunga.

Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alilielewa jambo hilo vizuri. Akiwa Bujora, alizipa mbina nafasi katika sherehe ya Bulabo, inayoandamana na sikukuu ya Ekaristi. Bagika na Bagalu wakapata uwanja wa kudumu kila Juni, hatua chache kutoka kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma.

Bujora iko Kisesa, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Anayetoka Singida kwenda kuangalia afike mapema na asimame katikati ya miduara miwili, mahali ambapo watu huanza kuhama.