Fundi wa Fezi Tatu

Karakana ya nyumbani ikianza kutoa makabati na vitanda vizuri, anayesifiwa ni seremala. Fundi umeme aliyeuwezesha msumeno wa meza kuzunguka hatajwi, ilhali kazi yake inastahili sifa kama ile ya mbao.

Kazi hiyo huanza kwa hesabu. Nyumba nyingi za Tanzania zina fezi moja ya volti 230. Mota ya kilowati 3 ikitegemea fezi hiyo peke yake huvuta takriban ampea 18. Ikipewa fezi tatu za volti 400, kila waya hubeba ampea 6 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Faida hii inatokana na kazi ya Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi, aliyetengeneza mota ya fezi tatu huko Ujerumani mwaka 1889.

Kisha kuna sakiti breka. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara 5 hadi 8 ya ule wa kawaida, na breka isiyofaa hukatika papo hapo. Fundi mvivu hufunga breka kubwa zaidi. Fundi hodari hukataa, maana breka ipo kulinda waya. Yeye huchagua aina ya C au D, inayovumilia kishindo cha kuanza bila kuuacha waya uungue.

Mtazame akiwa mbele ya boksi la breka. Anamenya waya bila kukata hata uzi mmoja wa shaba, anakaza skrubu, kisha anauvuta waya kwa mkono ahakikishe umeshika. Kiungo kilicholegea hupata moto, na karakana imejaa vumbi la mbao.

Ustadi wake huonekana zaidi umeme unapokatika. Hufunga swichi ambayo ikishazimika haijiwashi yenyewe, ili umeme ukirudi ghafla msumeno usianze kuzunguka huku vidole vya seremala vikiwa mezani.

Baada ya kupima ethi, huwasha mota kwa sekunde moja tu, aone meno ya msumeno yanaelekea wapi. Yakienda kinyume, huzima meinsuichi, hubadilisha nafasi za nyaya mbili za fezi, halafu hujaribu tena kabla ya kumkabidhi seremala mashine yake.