Ukili Ule Ule, Umbo Jipya

Katika maduka ya Mji Mkongwe, Unguja, kikapu cha ukindu kimepanda kutoka sakafuni hadi kwenye rafu ya juu. Zamani kilikuwa cha sokoni: kibebe samaki, nazi na mchicha, kikichakaa kitupwe. Siku hizi utakuta mikoba ya duara yenye mikanda ya ngozi, makapu ya nguo yenye vifuniko, vivuli vya taa na sahani bapa za kutundika ukutani. Wanunuzi wengi huusifu usukaji wake. Ni kweli unastahili sifa, lakini upya wa vitu hivi haumo katika kusuka. Umo katika kushona.

Kusuka ni kule kule kwa mabibi zetu. Kuti changa la mkindu hukatwa kabla halijakunjuka, likaanikwa juani mpaka liwe jeupe. Makuti yatakayotiwa rangi huchemshwa nayo sufuriani. Kisha ukindu huchanwa kwa kucha au kwa ncha ya sindano, na hapa mwenye mkono hujulikana mapema: chane zake zote zina upana mmoja. Ikiingia moja iliyo pana, ukili mzima, yaani ule utepe unaosukwa, huanza kupinda. Chane hutiwa unyevu zisivunjike, zikapishana kwa mshazari, hii juu, hii chini, na moja ikikaribia kwisha nyingine hulazwa juu yake bila kuacha uvimbe. Ukili hutoka mwembamba na mrefu, ukakunjwa bunda ukisubiri sindano.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Mkeka ni kazi ya kunyoosha: ukili hulazwa ubavu kwa ubavu, ukashonwa uwe uwanda. Mkoba ni kazi ya kuzungusha. Mshonaji huanzia katikati ya kitako, akakunja ncha ya ukili na kuizungusha, kila mzunguko ukishikwa na uliotangulia. Hana kalibu wala mchoro. Umbo lote limo katika namna mkono unavyovuta. Ukili ukilegezwa kidogo, kitako hubaki bapa. Ukikazwa, ukingo huinuka na kuwa ubavu. Ukikazwa zaidi, mkoba huingia ndani na kupata shingo. Kazi ni kukaza kwa kiasi kile kile mzunguko mzima, maana mahali pamoja palipovutwa zaidi kuliko pengine pataufanya mkoba usimame upande, na hakuna pasi itakayounyoosha.

Nakshi huongeza ugumu. Rangi katika ukili hujirudia kwa urefu ule ule, lakini mizunguko ya kitako hailingani, kila mmoja ni mrefu kuliko wa ndani yake. Kwa hiyo nakshi iliyokaa sawa hapa itakuwa imeteleza pale. Nimeona mikoba ambayo mshonaji alikiacha kitako cheupe kabisa, akaanza rangi pale ubavu ulipoinuka, mizunguko ilipoanza kulingana. Mistari ilipanda wima kutoka chini hadi mdomoni, mshono ukipita katikati yake bila kuonekana. Huo ni ubunifu wa kisasa wa kweli, umetoka ndani ya kazi yenyewe, na kwangu una thamani kuliko makombe na shanga zinazogandishwa juu ya kikapu ili kipendeze.

Bibi mmoja wa Kusini Unguja, nilipomwamkia na kumsifia mkoba aliokuwa akiushona barazani, aliniambia tu: "Ugeuze, mwanangu, utazame ndani." Ndani mishono ilikuwa myembamba na sawa kama nje, ncha za chane zimepunguzwa zote. Tangu siku hiyo sipendi bitana katika mkoba wa ukili. Inasaidia funguo zisikwaruze, sawa, lakini pia huficha mahali ambapo kazi inajieleza.

Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, wengi tulitumaini kikapu kitarudi sokoni. Lakini nafasi hiyo ilichukuliwa zaidi na mifuko myepesi ya kiwandani. Na majumbani, mkeka wa plastiki unaoiga nakshi za ukindu umekwishatandikwa mahali pa mkeka wenyewe. Inaniuma kidogo kwamba kazi hii sasa huthaminiwa zaidi hotelini kuliko sebuleni kwetu.

Kwa hiyo ukikutana na mkoba wa namna hii, usiharakie rangi. Uweke mezani uone kama unakaa wima bila kuegemea. Pitisha kidole kwenye mshono. Ugeuze. Uliza aliyeushona ni nani, na kama muuzaji anamjua, bei usiibane mno, kwa kuwa kuchana, kusuka na kushona vyote ni siku za mtu. Nyumbani usiufungie kabatini ukiwa na unyevu, utaota ukungu, wala usiuache juani, rangi itapauka. Uzi ukikatika, usiutupe mkoba. Mrudishie mshonaji, atauunga pale pale ulipokatikia.