Kiendelezi au Programu-jalizi?

Vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti katika madarasa ya kompyuta ya Kinondoni na Temeke huandika maagizo yao ya JavaScript au PHP katika kihariri, yaani programu ya kuandikia na kusahihishia maagizo hayo. Kimojawapo kinachotumika sana ni Visual Studio Code, ambacho kampuni ya Microsoft ilikitoa mwaka 2015. Mwanafunzi akishakipata, hana budi kuchagua vile vitu vinavyopachikwa ndani yake ili kukizidishia uwezo: kuonyesha makosa, kupanga mistari, kukamilisha maneno. Vitu hivyo vina majina matatu ya Kiswahili: nyongeza, kiendelezi na programu-jalizi. Kusudi la makala haya ni kuyapima.

Nyongeza ni neno jepesi, na hakuna asiyelielewa. Lakini kuna nyongeza ya mshahara, nyongeza ya bei, na nyongeza mwishoni mwa kitabu. Istilahi inayobeba kila kitu haimfai fundi.

Kiendelezi kimeundwa vizuri, kwa kanuni ile ile iliyotupatia kihariri, na wafasiri wa kivinjari cha Chrome wamekikubali. Hata hivyo kitenzi endeleza kina maana mbili. Kwanza, ni kusogeza mbele. Pili, ni kupanga herufi za neno kama ipasavyo, na ndiyo maana mwalimu wa shule ya msingi humwambia mtoto aendeleze neno ubaoni. Katika programu ya kuandikia, maana hii ya pili ndiyo inayotangulia akilini. Tulimsikia mwanafunzi mmoja huko Temeke akiuliza kama kiendelezi alichoelekezwa kitamsahihishia tahajia. Watu walimcheka, lakini yeye alikuwa amelisikia neno kwa Kiswahili chake sahihi. Isitoshe, wafasiri wengine hutumia neno hilo hilo kwa herufi za mwisho wa jina la faili, kama vile .js na .php. Basi mwalimu atasemaje kwamba kiendelezi hiki hufanya kazi na faili zenye kiendelezi kile?

Imebaki programu-jalizi. Kujaliza ni kujazia kilichopungua, na maana hiyo yafaa. Wanaoipinga husema kwamba ni ndefu, na wapo wanaopendelea kuifupisha iwe kijalizi. Sisi hatuafikiani nao, kwa sababu sehemu wanayoitupa ndiyo yenye faida kuliko zote. Kinachopachikwa katika kihariri ni programu kamili. Hutenda kazi kwa idhini ile ile aliyo nayo kihariri chenyewe: chaweza kusoma faili za mwenye kompyuta na kupeleka habari nje kwa njia ya intaneti. Mwaka 2023 kampuni ya usalama ya Check Point iligundua programu-jalizi moja ya Visual Studio Code iliyojitangaza kuwa ni ya kurekebisha rangi tu, kumbe ilikuwa ikikusanya habari za kompyuta za watumiaji. Ilikuwa imekwisha kuchukuliwa zaidi ya mara 45,000 kabla Microsoft haijaiondoa.

Mwanafunzi aliyeambiwa achague nyongeza atachagua kama achaguaye pambo. Aliyeambiwa achague programu atauliza maswali yapasayo: Nani ameitunga? Ilirekebishwa lini mara ya mwisho? Je, kazi hii kihariri hakiifanyi chenyewe? Swali hili la mwisho lina uzito kwa kijana anayenunua kifurushi cha intaneti kwa fedha ya nauli, kwa kuwa Visual Studio Code huja tayari na uwezo wa kukamilisha maneno ya JavaScript bila kupachikwa kitu.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba programu-jalizi itumike kwa vitu hivi, na kiendelezi kiachiwe mwisho wa jina la faili. Mfasiri anayeona vingine na afuate rai yake, ila ashike neno moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na alieleze pale linapotajwa mara ya kwanza. Urefu wa neno huzoeleka; neno linaloficha hatari humgharimu mtumiaji.