Kiti cha Mtoto Huanzia Mguuni

Mzazi anapomchagulia mtoto tandiko la farasi, macho yake huenda kwenye ngozi, mishono na pale pa kukalia. Mjuzi huanzia chini, kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia. Kikuku kikiwa chembamba, kiatu hukwama. Farasi akishtuka na mtoto akadondoka, ataburutwa huku ananing'inia kwa mguu mmoja. Kikiwa kipana mno, unyayo hupenya wote hadi kifundoni, na balaa ni lile lile. Ndiyo maana wanaojua farasi huacha nafasi ya sentimita mbili au tatu tu kuzidi upana wa kiatu, na kwa watoto hupendelea vikuku ambavyo upande mmoja ni mpira, unaofyatuka mguu ukivutwa. Makalio yakikaa vibaya, mtoto atalalamika. Mguu ukikaa vibaya, hata nafasi ya kulalamika hapati.

Kwetu Ndanda, kusini mwa Tanzania, habari hizi zinaweza kusikika kama za ng'ambo. Farasi hawajawahi kuwa wa huku. Mbung'o na nagana, ugonjwa wanaoueneza, viliwafungia njia. Majeshi ya Waingereza yalilijua hilo kwa hasara katika Vita vya Kwanza vya Dunia: farasi wa vikosi vya Afrika Kusini waliteketea kwa maelfu mwaka 1916, na mapigano yalipofika Mahiwa, huku kwetu kusini, Oktoba 1917, waliobeba mizigo ya vita walikuwa watu, tena kwa vichwa. Aliyetaka kumwona mtoto juu ya farasi ilimpasa aende Unguja, na huko nako kwenye majumba ya wakubwa. Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 akiwa binti wa Sultani Seyyid Said, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba watoto wa Sultani walianza mafunzo ya kupanda wangali wadogo, wa miaka mitano hivi. Wavulana wakaja kupewa farasi, wasichana punda weupe wa Maskati.

Mtoto wa Ndanda hupanda baiskeli. Hupakiwa kwenye keria ya Phoenix ile ile ambayo jana ilibeba gunia la korosho, akapelekwa kliniki, shuleni, kwa bibi. Na hapo ndipo nataka kumsifu fundi wa kuchomelea, yule wa kibanda cha bati kando ya barabara ya Masasi, anayetengeneza viti vya watoto kwa vipande vya nondo na bomba. Kazi yake haina jina kubwa kama la wachonga mpingo wa uwanda wa Makonde, ambao vinyago vyao vimefika makumbusho ya Ulaya. Kinyago kikipinda, watu wataita mtindo. Kiti cha mtoto hakina msamaha huo.

Mtazame anavyopima. Hamgusi mgongo kwanza. Anamkalisha mtoto ukingoni mwa benchi, anachukua kipande cha waya, anakishusha kutoka nyuma ya goti hadi kisiginoni na kukikunja pale. Kisha anamwambia avae kandambili zake, anapima tena. Tofauti ni ndogo, lakini ndiyo inayoamua pa kukanyagia pakae wapi. Juu ya bapa la chuma anatoboa matundu matatu au manne yaliyofuatana, ili kikanyagio kishushwe kwa boliti kadiri mguu unavyorefuka. Wenye farasi hufanya vivyo hivyo kwenye kanda za vikuku, na fundi wangu sidhani kama aliwahi kuona tandiko la farasi maishani mwake.

Kinachofuata ni spoku. Mguu wa mtoto unaoning'inia kwenye keria hauchelewi kuingia gurudumuni, na kisigino ndicho hunaswa kati ya spoku na fremu. Jeraha lenyewe ni la hila. Siku ya kwanza huonekana mchubuko. Baada ya siku chache ngozi ya nyuma ya kisigino huweza kugeuka nyeusi na kufa, karibu kabisa na kano kubwa inayoshikilia ukanyagaji, na kupona huchukua muda mrefu. Basi fundi anakata bati, au anasuka wavu wa waya, analifunika gurudumu la nyuma pande zote mbili, na kingo za bati anazikunja kwa nyundo zisije zikageuka wembe. Wazazi wengi huomba kipengele hiki kiachwe ili bei ishuke. Kama fedha haitoshi, afadhali aache rangi, aache sponji, hata mkono mmoja wa kushikia, lakini ubavu wa gurudumu ufunikwe.

Sponji yenyewe, kwa maoni yangu, imesifiwa kupita kiasi. Ikiwa nene mno mtoto hudidimia na kuyumba. Inatosha ya kadiri, iliyovishwa rekisini, na mkanda upite mapajani na kiunoni. Mama ajaribu kuufungua kwa mkono mmoja, kwa kuwa ule mwingine utakuwa umeshika baiskeli. Kiti nacho kisivuke ekseli kwenda nyuma. Ukikisukuma huko, gurudumu la mbele hunyanyuka unapopanda kilima. Na huku vilima havina mchezo. Anayeteremka kutoka Newala, kule juu uwandani, hujua jinsi uzito wote unavyokimbilia mbele, na mtoto mwenye pa kukanyaga hujikaza mwenyewe, wakati asiye napo humlalia baba mgongoni.

Kuna tabia moja inayomkera fundi, nami naungana naye: ile ya kuagiza kiti kikubwa kwa hesabu kwamba mtoto atakikulia, kama sare ya darasa la kwanza. Suruali ndefu hukunjwa. Kiti kipana hakikunjiki; mtoto huelea ndani yake na kila shimo la barabara humrusha upande. Ambaye bado hajaweza kukaa wima bila kushikwa, fundi humrudisha mgongoni kwa mama, kwenye mbeleko, hata kama baba amekwisha kutoa fedha za korosho mfukoni.

Mtoto akipita umri wake, kiti hakitupwi. Kinaletwa kibandani pamoja na mdogo wake, waya unakunjwa upya, boliti zinarudishwa tundu la juu, na bati la spoku linagongwa pale lilipobonyea.